Doto Alipokimbia Amefumba Macho

Watu wengi hupenda harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa. Mimi hunibana kifua. Jumamosi iliyopita watoto wa shule iliyo jirani na nyumba yangu walikuwa wakifyeka uwanja wao, wakiimba na kurushiana nyasi, na upepo ukaileta harufu ile hadi barazani nilipokuwa nikipepeta mchele. Nikasimamisha ungo. Mjukuu wangu akaniuliza kama nimeona nyoka. Nilimwambia sijaona kitu nikaendelea na kazi. Leo nimeona afadhali niwasimulie nyie, maana mjukuu huyo ana haraka zake, na nyie angalau mmekaa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mpanda ya wakati huo msiifikirie kama hii ya leo. Mtaani Majengo palikuwa na maduka na vibaraza vya mafundi cherehani, na reli ilikuwa bado kitu kigeni kiasi kwamba gari moshi likipiga honi watu wazima walitoka nje kulitazama, kisha wakajifanya walitoka kwa shughuli nyingine. Baba alikuwa kibarua wa reli. Alikuwa Mnyamwezi aliyefuata kazi, akamwoa Mama, Mkonongo wa huko huko porini, wakajenga nyumba yao ya udongo mtaa wa Shanwe. Hapo ndipo tulipozaliwa mimi na ndugu yangu, siku moja, mimi nikitangulia. Ndiyo maana mimi naitwa Kulwa na yeye akaitwa Doto. Kwetu jina la pacha halichaguliwi, linakuja na mtoto mwenyewe.

Kulea pacha kwetu ilikuwa kazi ya kuogofya. Alichopewa mmoja wetu, sharti na mwenzake apewe, tena kiwe sawa na kwa wakati mmoja. Tulinyolewa siku moja. Bakuli zetu zilikuwa za mti mmoja. Doto akiumwa tumbo, mimi nami nilikunywa ile dawa chungu ya mizizi huku tumbo langu likiwa halina neno lolote, na Doto akiiba karanga tulichapwa wote wawili, fimbo moja moja, Mama akiniangalia kwa macho ya kuomba radhi. Mmoja akipendelewa, walisema, mwingine atanyauka. Wengine walisema hapana, atakayenyauka ni yule aliyependelewa. Hakuna aliyejua kwa hakika ni yupi, na nadhani hapo ndipo hofu yenyewe ilipokaa.

Hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka shule. Wasichana waliosoma siku zile walikuwa wachache, na Baba alikuwa amepanga kumwandikisha Doto peke yake. Mama akakataa katakata. Kwa hiyo tukaenda wote wawili, tumevaa khaki iliyokatwa kwenye jora moja, yeye kaptura na mimi gauni. Nilipenda shule kuliko Doto alivyoipenda. Nilipenda hesabu, nilipenda vumbi la chaki, nilipenda hata kengele. Lakini nilijua, kama kila mtu nyumbani alivyojua, kwamba nilikuwa pale kwa sababu yake. Siku Doto atakapoacha shule, na mimi nimeacha.

Tulipoingia darasa la tatu tuliletewa mwalimu mpya kutoka mbali kusini, Mwalimu Lusekelo, kijana mrefu mwenye filimbi shingoni na sauti iliyofika nyumba ya tatu. Kabla yake michezo shuleni ilikuwa ni kukimbizana tu. Yeye alitusimamisha uwanjani akatugawa. Kulikuwa na wale watakaoshindana. Kulikuwa na wa akiba, waliofanya mazoezi yote kama wenzao ila hawakuahidiwa kitu. Waliobaki walifyeka uwanja na kushangilia. Wasichana hatukutajwa kabisa, mpaka mmoja wetu alipouliza, naye akafikiri kidogo akasema tutaimba na kuchota maji.

Alitaka mengi kwa wanamichezo wake. Walitakiwa wafike kabla jua halijachomoza, wamekwisha oga. Wafanye mazoezi kila siku ya shule, mvua ikinyesha au isinyeshe. Asiyefika mara moja alishushwa kwenye akiba, na akirudia alipewa fyekeo. Wavulana walimwogopa na kumpenda vilevile, maana hakuna mtu aliyewahi kuwatazama kama watu wa kutegemewa. Kuhusu ugonjwa alikuwa na sharti lake: anayeumwa aje mwenyewe kumwambia. Na ukishafika kumwambia, alikutazama miguu akacheka, akasema, "Imekufikisha hapa, haishindwi kuzunguka uwanja." Wote tulicheka. Mimi pia nilicheka, lilikuwa jambo la kuchekesha kweli.

Doto alichaguliwa siku ya kwanza kabisa. Mdogo wa umbo, miguu myembamba, lakini alipokimbia hukusikia kishindo. Mwalimu akamweka kwenye mbio za maili moja, na akamtangaza mbele ya shule nzima kuwa ndiye atakayetupatia ushindi katika mashindano ya shule za wilaya. Jezi za manjano zikashonwa kwa fundi mmoja wa Majengo, na Doto akaja nyumbani amevaa yake, akipita njia ya mbali ili aonekane na watu wengi. Alipofika mlangoni Mama alikuwa anatwanga. Aliitazama ile jezi, kisha akanitazama mimi, akauweka mchi chini.

Asubuhi yake alikwenda shuleni kwa miguu, kajifunga kanga ya kutokea, na mimi nikiwa nyuma yake natamani ardhi inimeze. Mwalimu alimpokea vizuri, akampa kiti. Mama akabaki amesimama.

"Mwalimu, mimi ndiye mama wa Kulwa na Doto."

"Karibu sana, mama. Huyu Doto wako anakimbia."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo. Umempa nguo ya manjano. Mwenzake umempa nini?"

"Mwenzake msichana, mama. Wasichana hawakimbii maili."

"Sijasema akimbie," Mama alisema kwa upole. "Nimeuliza umempa nini."

Mwalimu alieleza kwamba jezi si zawadi, ni ya mchezaji. Mama naye akaeleza habari za pacha, mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiswahili chake cha Kikonongo. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza, nampa sifa yake. Kisha akasema shule haiwezi kuendeshwa hivyo. Mama aliondoka bila kugombana.

Pale likizo ikaingia katikati. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa na mizinga yake ndani ya msitu, mwendo mrefu kutoka kwetu, na akamchukua Doto wakaline asali. Mimi sikwenda kwa sababu wasichana hawakwenda mizingani. Ilikuwa mara ya kwanza tumelala mbalimbali. Doto alirudi ananuka moshi na nta, kaumwa na mbung'o mikononi na shingoni kama kila mtu anayetoka porini. Pahali pamoja chini ya sikio palikuwa pamevimba na kuwa pagumu. Mama akapakanda kwa maji ya moto mpaka pakapungua. Kisha akanipa kibuyu kizima cha asali niile peke yangu, ili tuwe sawa. Niliila mpaka nikaichukia.

Shule ilipofunguliwa Doto hakuwa yule. Alilalamika kichwa. Homa ilimjia jioni na kumwachia asubuhi. Alikasirika ovyo, yeye ambaye hata kuku hakuwa akimfukuza kwa hasira. Darasani kidevu kilimwanguka kifuani, nami nilimgusa kwa kiwiko chini ya dawati, akashtuka akaanza kuandika mahali pasipo mstari. Uwanjani alianza kuachwa na watoto aliokuwa akiwaacha.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mwalimu Lusekelo alisema ni sifa, kwamba kijana akishaitwa bingwa kabla ya kushinda miguu yake huwa mizito, akamwongezea mizunguko. Baba alisema ni kukua. Mama hakuwa na shaka hata chembe. Doto alikuwa amepewa jezi peke yake, halafu amekwenda mizingani peke yake, na sasa ananyauka. Mimi niliyakubali maelezo ya Mama, na niliyakubali kwa namna iliyoniumiza. Nilikuwa nimeionea wivu ile jezi. Nikaamini kwamba wivu wangu ulikuwa ukimnyonya ndugu yangu damu, nikawa najifungia chooni najaribu kutoitamani. Mtoto wa umri ule hana wa kumwambia kwamba mambo hayaendi hivyo.

Basi Mama alikwenda mwenyewe Majengo kwa fundi yule yule, akatafuta kitambaa kile kile, akanishonea jezi. Aliipeleka shuleni ikiwa imekunjwa akaiweka juu ya meza ya Mwalimu. Mwalimu akaitazama muda mrefu. Nafikiri alikuwa amechoka kubishana, na labda aliona njia ya kutukomesha. Akasema vizuri, lakini hapa kwake jezi ya manjano haivaliwi na mtu asiyefanya mazoezi. Atakayeivaa atafika asubuhi kama wavulana na atazunguka kama wavulana. Mama akasema hilo halina neno.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa msichana wa kwanza kukimbia katika uwanja ule. Wavulana walicheka mpaka wakakaa chini. Gauni langu nililikunja nikalichomeka kiunoni, jezi juu yake, nikawa nakimbia nyuma ya Doto huku nikisikia matusi ya utani kutoka pande zote. Nilifurahi, siwezi kuwaficha. Alfajiri ilikuwa baridi, umande ulitulowesha miguu, majani tuliyofyeka jana yalikuwa yananuka, nami nilikuwa nakimbia. Baada ya siku chache niligundua kwamba naweza kwenda sambamba na ndugu yangu, bega kwa bega, na nikajivuna kwamba nimepata kasi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba sikuwa nimepata kitu. Yeye ndiye alikuwa amepoteza.

Kwa kuwa nilikimbia pembeni yake, niliona ambacho wengine hawakukiona. Doto alikuwa akikimbia amefumba macho. Si kila wakati. Ilikuwa inakuja na kuondoka. Miguu iliendelea, mikono iliendelea, na uso ulikuwa umelala. Nilimwita jina, akafumbua, akanitazama kama mtu aliyekuwa safarini mbali, kisha akasema, "Nipo." Nikawa namwita kila tulipofika kwenye kona. Kulikuwa na siku moja alikwenda kwa Mwalimu kabla ya mazoezi akamwambia kichwa kinamuuma sana. Mwalimu akamtazama miguu. Doto hakungoja amalize kile kichekesho chake, aligeuka mwenyewe akaanza kuzunguka.

Sipendi mumwone Mwalimu Lusekelo kama mtu mbaya. Alikuwa kijana, pengine hajafika hata miaka ishirini na mitano, na alitaka watoto wa vibarua wa reli wasionekane wanyonge mbele ya wengine. Mama naye alitaka mwanawe apone. Wote wawili walikuwa wakimtazama Doto kila siku kwa macho mawili makavu, kila mmoja akiona kile alichokwisha kukiamua.

Siku ya mashindano uwanja wa mjini ulijaa. Walikuja watu kutoka vijijini na wavuvi kutoka upande wa ziwani waliokuwa wameleta migebuka sokoni, wote wamekaa kwenye nyasi kuzunguka uwanja, watani wakirushiana maneno ya makabila yao. Sisi tulikuwa na jezi zetu. Mimi sikuandikishwa kukimbia, lakini Mwalimu aliniruhusu nisimame na wachezaji, na hilo peke yake lilinitosha. Baba aliomba ruhusa kazini. Mama alikaa mbele kabisa. Alikuwa mchangamfu siku hiyo, kwa kuwa mbele ya macho yake kulikuwa na jezi mbili zinazofanana.

Mbio za maili moja zilianza Doto akiwa wa pili. Mzunguko wa kwanza alikwenda vizuri na watu wa shule yetu wakasimama. Katika mzunguko uliofuata, kwenye kona ya mbali, wengine walikata kona na yeye hakukata. Alinyoosha moja kwa moja, taratibu, akatoka nje ya mstari wa chokaa, akapita katikati ya watazamaji waliompisha wakidhani anatania, akafika penye nyasi ndefu. Akakaa. Kisha akalala ubavu, mkono chini ya shavu, jua la mchana likimpiga usoni.

Kicheko kilichoanguliwa pale uwanjani sijawahi kusikia kingine kama hicho. Watu walijishika mbavu. Watani walipata neno la mwaka mzima: mtoto wa Kinyamwezi kapumzika njiani kama baba zake walivyopumzika na mizigo. Mwalimu Lusekelo alikimbia akipuliza filimbi, akafika juu yake akaipuliza tena karibu na sikio. Doto hakutikisika. Nilikuwa nimeshafika. Nilimwita, nikamwita tena, na kwa mara ya kwanza hakusema yupo.

Mama alikuja akitembea. Hakukimbia. Wanawake waliokuwa wamekaa naye walikuwa bado wanacheka. Alipiga magoti akamtazama mwanawe usingizini, akatia kidole chini ya sikio lake, mahali pale alipokuwa amepakanda kwa maji ya moto, akakishusha polepole shingoni. Nilimwona uso wake ukibadilika.

"Baba yangu alilala hivi," alisema. "Chakula kikiwa mkononi. Tukimcheka."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini waliokuwa karibu walinyamaza, na ukimya ukasambaa. Watu wa Mpanda walilijua jambo hilo. Wengi waliokuwa pale walikuwa wamehamishwa kutoka porini miaka ya nyuma na serikali, vijiji vizima vikawekwa pamoja, kwa sababu ya malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Mama mwenyewe alikulia kwenye kambi kama hiyo. Alimzika baba yake hapo. Alijua kila dalili, na muda wote ule alikuwa hazioni, kwa kuwa alikuwa ameshughulika kutufanya sawa. Baba alimbeba Doto mgongoni, nasi tukaenda hospitali tukiwa tumevaa vilevile, mimi na jezi yangu.

Walimtoa damu. Walimtoa pia maji ya uti wa mgongo kwa sindano ambayo Baba alipoiona alitoka nje. Mganga alisema ugonjwa ulikuwa umekwisha ingia kichwani. Mama alimsikiliza, kisha akanisukuma mbele akasema na mimi nichomwe. Nesi alimwambia huyu hana dalili. Mama akasema hawa ni pacha. Mganga, aliyekuwa amechoka na asiyetaka maneno, akanichoma kidole akaitazama damu yangu. Haikuwa na kitu. Mliowahi kuwa wazazi mngetarajia Mama afurahi. Mama alikaa sakafuni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa mara ya kwanza mmoja wetu alikuwa na kitu ambacho Mama hakuweza kukigawa.

Doto alikaa hospitali muda mrefu. Dawa ya siku zile ilikuwa kali, ilimtapisha na kumtetemesha, na kuna kipindi tuliambiwa tujiandae. Mwalimu Lusekelo alikuja kumwona mara nyingi. Hakukaa, alisimama mlangoni ameshika kofia, akiwa hana filimbi shingoni. Aliendelea na michezo yake, lakini sharti lile la ugonjwa hakulisema tena. Nilirudi kwenye mazoezi nikamkuta kila asubuhi anapita mbele ya kila mtoto, akimwuliza ameamkaje, na akingoja jibu.

Doto alipona, kama kupona ndiko kule. Alirudi nyumbani mvua zikiwa zimeanza, mrefu kuliko alivyoondoka, mikono ikitetemeka, maneno yakimtoka moja moja. Kusoma kulikuwa kumemtoka. Alisinzia kwenye jua na kivulini. Watoto wa jirani walikuja kumtazama, wakarudi kwao.

Jioni moja Baba aliniita jikoni, Mama akiwepo. Alisema amefikiri sana. Doto hawezi kurudi shule, kila mtu anaona. Na mimi nikiendelea kusoma huku yeye amebaki, nitamla nguvu kidogo aliyobakiwa nayo. "Mwanangu, si kwamba nakunyima," alisema. "Tumeshaona mambo yalivyo mtu akipewa peke yake." Nilimtazama Mama. Mama aliyejua kwa mkono wake mwenyewe kwamba ulikuwa ni mbung'o, aliyeutambua ugonjwa ule mbele ya uwanja mzima, aliinamia sufuria akakubali. Msimshangae. Hofu aliyonyonya mtu utotoni haiondolewi na sindano ya daktari. Nililia mpaka moto ukazimika, na Doto alikuwa amekaa mlangoni amefumba macho, nikadhani amelala.

Jumatatu yake niliamka nikachukua mtungi, maana sasa kazi yangu ilikuwa maji. Nilimkuta Doto amesimama uani amevaa kaptura yake ya khaki, imemfika juu ya mapaja, vifungo vya shati vimekosewa. Baba alimwuliza anakwenda wapi. Akatafuta neno muda mrefu. "Shule," akasema. Baba akamwambia apumzike. Doto akaanza kutembea.

Baba alinitazama, akatazama mgongo wa mwanawe, kisha akaniambia, "Basi weka mtungi. Mfuate."

Doto alikwenda siku hiyo, na iliyofuata, na mwaka ule mpaka ukaisha, na mwingine. Mwalimu Lusekelo alimpa nafasi yake ya zamani karibu nami, akakataza mtu kumwamsha. Alfajiri, nilipokwenda kukimbia, Doto alikuja pia, akakaa kwenye majani yaliyofyekwa na jezi yake ikiwa imembana, na Mwalimu alipoita majina alimwita na yeye. Watoto walimtania, wakamwita Mzee Usingizi. Alishinda hapo mpaka kengele ya mwisho, kisha tukarudi Shanwe, mimi nikiongea na yeye akitikisa kichwa. Nilifikiri anaipenda shule. Nilifurahi kwamba ugonjwa ulimwachia hilo angalau, na niliwaambia watu hivyo.

Nilimaliza darasa la nne nikafaulu kwenda shule ya kati ya wasichana, mbali, kwa gari moshi. Baba aliruhusu, kwa kuwa Doto naye alikuwa amemaliza, alikuwa amekaa kwenye dawati mpaka siku ya mwisho kama mimi. Mama alitengenezesha masanduku mawili ya mbao. Ndani ya langu alitia shuka, sabuni, na nguo. Ndani ya la Doto alitia shuka, sabuni, na nguo, likawekwa chini ya kitanda chake. Doto alinisindikiza stesheni pamoja na wazazi, amevaa khaki yake. Gari lilipoondoka alikuwa amesimama wima, hakusinzia.

Maisha yangu mengine mnaweza kuyakisia. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikazaa, nikazeeka. Doto aliishi na wazazi mpaka alipokuwa mtu mzima, akifuga kuku, akatutoka kwa kichomi mwaka mmoja wa masika makubwa. Mimi nilikuwa nimekuja kwenye msiba wake, Mama akiwa amekwisha kuwa kikongwe, ndipo nikasema mbele ya waombolezaji vile ndugu yangu alivyoipenda shule.

Mama alingoja watu waondoke. Akaniambia Doto hakuipenda shule. Akaniambia kwamba jioni ile ya jikoni hakuwa amelala, alisikia kila neno. Kila alfajiri yeye Mama alimkuta ameshikilia ukuta, kichwa kikimpasuka, anajaribu kuvaa, na kila alfajiri alimsihi arudi kitandani. Doto alimjibu kwa yale maneno yake machache kwamba akilala, Kulwa atatolewa shule. Mama alimfunga vifungo akamwacha aende, akamficha Baba. Hakuniambia na mimi, kwa kuwa Doto alimkataza.

"Na siku ile uliyopanda gari," Mama alisema, "tulirudi kutoka stesheni, akavua ile khaki, akaikunja. Akaniuliza kama sasa anaweza kulala."